Sifuri ya Bi Ruzuna

Michenzani, jumba la sita, ghorofa ya nne.
Nimepanda ngazi na mkoba begani,
na kabla sijabisha hodi naisikia sauti yake
ikimwambia mtu wa Maskati, mara ya tano:
"Umeganda! Umeganda, mwanangu, mdomo wazi!"

Sauti hiyo naijua.
Darasa la tano, hesabu za kugawa,
ilinisomea sifuri yangu mbele ya wenzangu,
sifuri nene, ya wino mwekundu.
Nikaificha chini ya godoro hadi vuli ikaiozesha.
Yeye hakunijua. Au alinijua akanisitiri.

"Kila mwezi nalipa," akasema, "na kila mwezi maskhara."
Nikafungua ukurasa wa modemu, nikamsomea:
nguvu inayoingia, hasi kumi na mbili;
nguvu inayotoka, hamsini na tatu.
"Hamsini na tatu! Si ndiyo nguvu hiyo?"
Hapana, mwalimu.
(Limenitoka.)

Inayoingia hutakiwa ikae karibu na sifuri.
"Sifuri?"
Kwenye waya huu sifuri ndiyo maksi kamili.
Saba juu, saba chini, humo mna salama.
Ikipungua mno, modemu husikia
kama mtu aliye bafuni na maji yanamwagika.
Ikizidi mno, nayo ni maradhi:
nani huelewa maneno
akiwekewa spika ya harusi sikioni?

Na hii inayotoka ni sauti ya modemu yenyewe
ikiita kule mwisho wa waya.
Ikisikika, huita kwa arubaini na kidogo, ikatulia.
Isiposikika hupandisha,
hupandisha,
na ukiiona imevuka hamsini
jua mishipa ya shingo imeitoka.
Si nguvu hiyo, Bi Ruzuna. Inahangaika.

Akanyamaza. Akaitazama ile taa inayopepesa.
"Kumbe tu wawili," akasema.

Nikaufuata waya. Umeingilia dirisha la jikoni,
ukapita nyuma ya kabati la sahani za sikukuu,
na hapo nikaikuta splita ya njia nne:
moja ya modemu,
moja ya televisheni iliyokufa mwaka wa msiba wa mzee,
moja ya chumba cha Nassor, aliyehamia Tunguu,
na moja haiendi popote, imening'inia
kama mkono wa mtu aliyesahau alichotaka kuomba.
"Nani kafanya haya?"
"Mkwe wangu. Fundi wa kila kitu."
Kila njia ina mgao wake, nikamwambia.
Hata ile isiyo na mtu inapakuliwa sahani.

Akacheka kwa pua.
"Kugawa kwa nne. Na weye, Tumu,
kugawa ndiko kulikokushinda."

Sikujibu. Nikatoa splita, nikaitia mfukoni.
Nje ya dirisha ncha ya waya imeliwa na chumvi,
shaba imekuwa kijani kama birika la kusahauliwa.
Nikakata, nikamenya, nikabana konekta mpya
mikono ikinitetemeka kama nimeitwa ubaoni.

Modemu ikazima taa zote, ikafikiri, ikawasha.
Hasi tatu.
Arubaini na nne.

Akachukua kalamu, na wallahi ilikuwa nyekundu,
akaandika pembeni mwa kalenda:
splita saba, kutu mbili, jumla tisa.
Huku tisa zimerudi, kule tisa zimepungua.
Akairudia hesabu kwa kidole, haniamini bado.
Kisha akapiga vema.

Simu ya Maskati ikalia nikivaa viatu.
Akaanza kwa kelele, kwa mazoea,
"Unanisiki—"
akakatika katikati ya neno,
maana alishajibiwa.

Nilipofika ghorofa ya tatu nilisimama kusikiliza.
Sikusikia kitu.